Nani Azibue? Roboti, Mikono ya Ziwani na Lugha ya Hatari

Kiwandani chupa hufungwa na mashine. Tangu Mmarekani William Painter alipopata hataza ya kizibo cha bati chenye meno mwaka 1892, kazi ya kuziba imekuwa ikihama hatua kwa hatua kutoka mkononi mwa binadamu. Leo mtungi wa lita 20 wa kemikali kali huweza kukazwa kifuniko chake na mtambo uliopimiwa nguvu ya kukaza, bila kidole cha mtu kukigusa. Kufungua, hata hivyo, kumebaki aghalabu pale pale kulipokuwa. Mtungi husafirishwa, huuzwa, hupitia mikono ya wachuuzi wawili watatu, na mwisho wa safari anayekikabili kifuniko kile kilichokazwa na chuma ni mtu mwenye mkono mtupu.

Wanafunzi wa mofolojia wanaijua vyema kauli ya kutendua: ziba na zibua, funga na fungua, funika na funua, bandika na bandua. Uzuri wa kauli hii ni kwamba humfanya msemaji aone kitendo cha pili kuwa ni kile cha kwanza kilichorudishwa nyuma. Kwa chupa ya soda, mambo ni hivyo. Kwa pipa la kimiminika cha hatari sivyo hata kidogo. Anayeziba anakijua anachokiziba, kwa kuwa kimetiwa humo dakika moja iliyopita, kikiwa kimepimwa na kimepoa. Anayezibua hukutana na kitu kilichokaa juani, kilichotikiswa njiani, pengine kilichohamishiwa chombo kingine ambacho kibandiko chake kilibanduka siku nyingi. Kuzibua ni kitendo kingine kabisa, hata kama sarufi imekipa mnyambuliko tu.

Suala hili limepata uzito mpya kwa sababu sasa zipo mashine za kuzibua. Katika maabara kubwa za hospitali duniani, mitambo hufungua mirija ya damu kwa mamia kwa saa, kazi ambayo zamani iliwachosha wahudumu vifundo vya mikono na kuwarushia matone yasiyoonekana. Katika viwanda vya kemikali, mkono wa roboti huweza kulikamata pipa au mtungi, kamera ikakitafuta kifuniko, vidole vya chuma vikakishika na kukizungusha huku kipimo kikionyesha nguvu inayotumika. Kazi yote hufanyika ndani ya kasha lililofungwa, lenye feni ya kuuvuta mvuke na kuupitisha kwenye chujio. Mtu hukaa upande wa pili wa kioo. Wazo lenyewe si geni. Mwishoni mwa miaka ya 1940, katika maabara ya Argonne nchini Marekani, mhandisi Raymond Goertz alibuni mikono ya chuma iliyomwezesha mfanyakazi kushika vitu vyenye mnururisho akiwa amesimama nyuma ya ukuta mnene. Mikono hiyo ilifuata mwendo wa mikono yake mwenyewe. Roboti za leo zimeongeza macho na hesabu juu ya wazo hilo.

Wala kazi hiyo si rahisi kwa mashine kama inavyodhaniwa. Vifuniko havifanani. Kipo cha kuzungusha, kipo cha kubinua, kipo kile cha kubonyeza huku ukizungusha, kilichobuniwa nchini Kanada mwaka 1967 ili watoto wasifikie dawa, ambacho humsumbua mzee na roboti vilevile kwa sababu kinadai vitendo viwili kwa wakati mmoja. Upo pia mtungi laini wa plastiki ambao ukibanwa sana hurusha kilichomo, na usipobanwa vya kutosha huzunguka pamoja na kifuniko chake. Mkono wa mtu mzoefu huyatambua hayo bila kufikiri. Ndiyo maana waajiri wengi, hata katika nchi tajiri, wangali wanauachia mkono wa mtu kazi hii.

Sasa na tuitazame Ziwani. Huu ni mtaa wa nyumba za kukodi uliojengwa zama za ukoloni kwa ajili ya Waafrika waliofanya kazi mjini Nairobi. Jirani zake ni Kariokor na Starehe, na kwa mwendo wa miguu mtu hufika Gikomba na Kamukunji. Si mtaa wa viwanda vikubwa. Hakuna mabomba marefu ya moshi wala malango yenye walinzi. Hata hivyo, katika eneo hilo dogo vimiminika vya hatari vinafunguliwa kila siku. Mafundi wa viatu na ngozi wa Kariokor hubandua vifuniko vya mikebe ya gundi ambayo mvuke wake hulevya. Mafundi wa magari hupokea asidi ya betri katika mitungi ya plastiki. Wapaka rangi hufungua thina. Wauzaji wa sabuni za maji na dawa za kung'arisha nguo hupimia wateja kutoka mitungi mikubwa hadi chupa zilizokuwa za maji ya kunywa au soda. Mafuta taa nayo yamezoea kuhamia katika chupa kama hizo, na madaktari wa watoto nchini Kenya wamewahudumia kwa miaka mingi watoto walioyanywa wakidhani ni kinywaji.

Nako Kamukunji kuna mapipa. Rais Daniel arap Moi alipowatembelea mafundi wa hapo mwaka 1985 na kuwaahidi vibanda vya kujikinga na jua, jina jua kali lilikuwa tayari limekwisha kuzoeleka vinywani. Mafundi wale, na watoto na wajukuu wao wa kazi, hukata mapipa ya chuma na kuyageuza majiko, masanduku, makarai na matoroli. Pipa la kawaida la lita 200 lina vizibo viwili juu yake, kikubwa cha inchi 2 na kidogo cha robo tatu ya inchi. Kuna adabu ya kulifungua. Hulegezwa kwanza kizibo kidogo, polepole, ili mvuke uliojikusanya utoke kwa mluzi badala ya kishindo. Kisha ndipo kikubwa hufuata. Kifaa cha kufungulia mapipa ya vimiminika vinavyowaka hutengenezwa kwa shaba nyeusi au madini mengine yasiyotoa cheche. Hayo ni maarifa ya kale katika biashara ya mafuta, na hayagharimu fedha nyingi.

Pipa tupu ndilo lenye hila zaidi. Lililojaa petroli lina hewa kidogo ndani yake. Lililokwisha kumwagwa lina mvuke na hewa vilivyochanganyika, na mchanganyiko huo unahitaji cheche moja tu. Tindo na nyundo hutoa cheche. Mtambo wa kuchomelea hutoa moto wenyewe. Fundi anayelijaza pipa maji kabla ya kulikata amejikinga kwa njia iliyo rahisi kuliko zote, na wapo wanaofanya hivyo. Asiyefanya hivyo si mjinga. Ni mtu anayelipwa kwa idadi ya majiko, na maji huchotwa mbali.

Hapa ndipo neno roboti linapodai kutazamwa kwa karibu, kwani limefika katika mtaa ambao jirani yake ana jina la kushangaza. Neno hilo liliingia duniani kupitia tamthilia ya Mcheki Karel Čapek, R.U.R., iliyochapishwa mwaka 1920 na kuigizwa Prague mwaka uliofuata. Čapek alipewa neno hilo na ndugu yake Josef, na asili yake ni robota, jina la kazi ya lazima ambayo wakulima wa Ulaya ya Kati walidaiwa na mabwana wa ardhi bila ujira. Kiswahili kina neno lake kwa kitu hicho hicho: shokoa. Lau neno lingetafsiriwa badala ya kuazimwa, mashine hizi zingeitwa watu wa shokoa.

Kariokor, kwa upande wake, ni Carrier Corps iliyopita katika ulimi wa Kiswahili, kama ilivyopita Kariakoo ya Dar es Salaam. Ni jina la kikosi cha wapagazi wa Vita Vikuu vya Kwanza. Waafrika kwa mamia ya maelfu walichukuliwa, wengi kwa nguvu, wabebe risasi na vyakula vya majeshi ya Waingereza katika kampeni ya Afrika Mashariki ya mwaka 1914 hadi 1918. Makumi ya maelfu hawakurudi, na wengi kati yao waliuawa na maradhi na njaa. Kwa hiyo mtaa wa Ziwani umepakana na neno lenye maana ile ile iliyobebwa na roboti: yule anayelazimishwa kubeba mzigo wa hatari kwa niaba ya mwenye mzigo. Tofauti ni kwamba Wacheki waliipa mashine jina la shokoa, ilhali Waingereza waliwapa watu kazi ambayo leo ingestahili kupewa mashine.

Mlingano huu una maana zaidi ya mchezo wa maneno. Unaonyesha swali linalopaswa kuulizwa kuhusu roboti ya kuzibua. Swali hilo halihusu werevu wa mashine. Linahusu nani aliyekuwa amesimama mahali pale kabla ya mashine kufika, na alikuwa amesimama hapo kwa hiari ya nani.

Jibu la kawaida linalosikika katika kumbi za vyuo ni kwamba roboti ni anasa ya wenye nacho, na kwamba kuileta Kenya ni kuwanyang'anya vijana vibarua. Hoja hii haistahili kudharauliwa. Kijana wa Eastlands anayelipwa kwa siku kuhamisha kemikali kutoka mapipa hadi mitungi midogo ana kazi hiyo kwa sababu mkono wake ni wa bei nafuu kuliko mtambo. Mwajiri akinunua mtambo, hataununua ili kijana apumzike. Ataununua ili asimlipe. Ni kweli tupu. Lakini hoja hiyo ikivutwa hadi mwisho wake, inadai kwamba mapafu ya kijana yaendelee kuwa mtaji wake. Hakuna chama cha wafanyakazi kilichowahi kuandamana kudai haki ya kuinamia mdomo wa pipa. Kinachodaiwa ni ujira. Kufungua kifuniko huchukua dakika chache za siku ya kazi. Kupima, kubeba, kuuza, kukata na kuunda huchukua saa zilizobaki. Inawezekana kabisa kuihamisha dakika ile ya hatari na kuziacha saa zile kwa wenyewe, mradi wanaoamua wawe wanaitafuta dakika ile na si mshahara mzima.

Fauka ya hayo, kinachonunuliwa katika roboti yoyote ya aina hii ni umbali baina ya uso wa mtu na mdomo wa chombo. Kamera, programu na viungo sita vya mkono wa chuma ni njia za kuupata umbali huo pale ambapo vyombo ni vingi sana na vya aina nyingi sana. Palipo na mapipa kumi kwa siku, ya aina moja, umbali huo hupatikana kwa vitu ambavyo fundi wa Kamukunji anaweza kuviunda kabla ya adhuhuri: fremu ya chuma iliyopigiliwa sakafuni, kibano cha kulishika pipa lisizunguke, fimbo ndefu yenye kichwa cha shaba cha kuingia kwenye kizibo, kioo kigumu au plastiki nene mbele ya uso, na feni inayoupeleka mvuke kwingine. Feni inayovuta mvuke unaowaka inahitaji mota isiyotoa cheche, na hilo ndilo jambo moja la gharama katika orodha nzima. Hiyo si roboti ya kupigwa picha. Hakuna waziri atakayekuja kuikatia utepe. Lakini ni dada yake roboti, na imezaliwa katika lugha ya mafundi wenyewe, wanaojua kwamba kibano huitwa jiliwa au vaisi kulingana na karakana.

Kwa nini basi haipo kila mahali? Sababu moja ni sheria. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 humtwisha mwenye mahali pa kazi wajibu wa kuwalinda wanaofanya kazi humo. Ni sheria nzuri, na inasomeka vizuri mahali penye lango, ofisi na jina la kampuni ukutani. Katika safu ya mafundi ambapo pipa limenunuliwa na huyu, linakatwa na yule, kwa kibarua cha mtu wa tatu, katika kibanda cha wa nne, mwenye mahali pa kazi ni nani? Mzigo wa wajibu huzunguka mpaka unamwangukia aliyeshika tindo. Shokoa imerudi kwa mlango wa nyuma, bila askari wala amri.

Wasomaji watakaoona kwamba mambo haya yanatiwa chumvi wakumbuke Owino Uhuru, kitongoji cha Mombasa ambako betri kuukuu za magari ziliyeyushwa ili kutoa risasi. Betri ni chombo cha kimiminika cha hatari ambacho, kikifika kwenye kuyeyushwa, hakifunguliwi kwa kifuniko; hufunguliwa kwa kuvunjwa. Katika mitambo ya kisasa betri huvunjwa na mashine ndani ya kasha, asidi ikakusanywa na kutiliwa dawa. Katika karakana duni duniani kote huvunjwa kwa shoka au panga, na asidi huachwa ifuate mteremko. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda cha Owino Uhuru, aligundua kwamba damu ya mtoto wake ilikuwa na risasi. Alianzisha mapambano yaliyomletea Tuzo ya Goldman mwaka 2015, na mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Mombasa iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Shauri hilo liliendelea hadi Mahakama ya Juu. Bei ya mashine ya kuvunjia betri, iwe ghali kiasi gani, ni vyema iwekwe kando ya tarakimu hiyo kabla ya kuitwa anasa.

Sababu ya pili ya kutokuwepo kwa umbali huo ni ya lugha, na hapa ndipo wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili wanapohusika moja kwa moja, wapende wasipende. Yafaa kuyasikiliza maneno yanayotumika Ziwani na mitaa jirani. Asidi ya betri huitwa maji ya betri. Sumu ya kuulia mende huitwa dawa ya mende. Kioevu kinachounguza ngozi kwa sekunde chache huitwa dawa ya choo. Kiowevu cha kung'arisha nguo huitwa kwa jina la kampuni moja, liwe limetengenezwa na nani, na liwe kali kiasi gani. Hakuna hata neno moja kati ya haya linalomwonya mtu. Yote ni maneno ya upole: maji, dawa, jina la dukani. Mtoto anayeambiwa alete maji ya betri amefundishwa, kabla hajaufikia mtungi, kwamba anachokwenda kukileta ni aina ya maji.

Haitoshi kusema kwamba istilahi zipo. Naam, zipo. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilitoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990, na tindikali ni neno lililo hai nchini Tanzania, lenye ukali wake katika sauti zake. Upande wa Kenya, shule zimezoea asidi. Mabishano kuhusu lipi kati ya hayo mawili ni sanifu yamejaza kurasa nyingi, na pengine yataendelea kuzijaza. Wakati huohuo anayeuza hatumii lolote kati ya hayo mawili, anasema maji. Ni jambo la kusikitisha kwamba taaluma imewekeza wino mwingi katika ugomvi wa tindikali na asidi, ikayaacha maji ya betri yapite bila kuulizwa jina.

Suala la vibandiko ni hivyohivyo. Mwaka 2003 Umoja wa Mataifa ulichapisha kwa mara ya kwanza mfumo mmoja wa dunia wa kuainisha kemikali na kuzibandika alama. Alama zake ni miraba iliyosimama kwa ncha, yenye mpaka mwekundu: mwali wa moto, fuvu la kichwa, na mirija miwili inayodondosha kioevu juu ya chuma na juu ya mkono. Fuvu halihitaji mkalimani. Ile ya mkono, kwa mtu ambaye hakufundishwa, inaweza kusomeka kama mkono unaonawishwa. Na akiwa tayari ameambiwa kwamba kilichomo ni maji, picha na neno vitakuwa vimekubaliana kumdanganya. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani kuhusu kemikali, namba 170 wa mwaka 1990, unataka kemikali za hatari zibandikwe alama kwa namna inayoeleweka kwa urahisi na wafanyakazi. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Msomaji anayetilia shaka jinsi mambo hayo mawili yanavyotekelezwa na aende akasome ubavu wa mtungi wowote wa asidi au thina unaouzwa mjini, ahesabu maneno ya Kiswahili.

Wapo watakaojibu kwamba roboti haisomi Kiswahili, na kwamba mashine zikienea, vibandiko vitabaki kuwa vya kamera. Ni kweli kwamba mitambo ya kisasa husoma mistari myeusi na myeupe na kujua kilichomo kabla ya kugusa kifuniko. Lakini mfumo huo hutegemea chombo kuwa na kibandiko chake cha asili na kimiminika chake cha asili. Uchumi wa Ziwani ni wa kutumia chombo tena na tena. Mtungi wa asidi huwa wa mafuta ya kupikia, wa mafuta huwa wa maji, wa maji huwa wa sabuni. Roboti iliyoundwa kwa ajili ya ghala la Ulaya ingesimama mbele ya mtungi wa namna hiyo ikiwa imeduwaa, au, lililo baya zaidi, ingeamini kibandiko cha zamani. Mtu pekee awezaye kujua kilichomo ni aliyekitia, na njia pekee ya kumfikishia maarifa hayo atakayefungua ni maneno ambayo wote wawili wanayaelewa.

Na roboti yenyewe, ikiletwa, itaendeshwa na mtu. Atapewa kitabu cha maelekezo. Atafundishwa ni lini aibonyeze swichi ya dharura na ni lini asiingize mkono ndani ya kasha hata kama kifuniko kimekwama, kwani ajali nyingi za mashine hutokea pale mtu anapojaribu kuisaidia. Kitabu hicho kitakuwa cha lugha gani? Chuo kinachofundisha tafsiri kinaweza kujibu swali hilo kwa vitendo kabla halijaulizwa. Kila mwaka wanafunzi hutafsiri hotuba na dondoo za riwaya kama zoezi, nazo huishia kabatini. Ukurasa mmoja wa maelekezo ya kufungulia pipa, uliotafsiriwa pamoja na fundi wa Kamukunji na kurekebishwa mpaka yeye mwenyewe aridhike kwamba ndivyo wanavyosema, ungekuwa zoezi gumu kuliko hotuba yoyote. Ungefichua pia yale ambayo kamusi haijui: jinsi fundi anavyoita kufura kwa pipa, jinsi anavyoutaja ule mluzi wa kwanza, neno analotumia kwa uzi wa kizibo uliokufa. Kizibuo kimo katika kamusi kikiwa kifaa cha kuzibulia chupa; hakuna kizuizi cha kulipanua neno hilo lichukue fremu, fimbo na kasha, na roboti ikifika ikute jina linaisubiri.

Mfano wa ukurasa huo hauhitaji kuwa mrefu. Kwa mtungi au pipa la asidi, maneno yafuatayo yangetosha, yakiandikwa kwa herufi kubwa:

Hiki si maji. Kinaunguza ngozi na kupofusha macho. Kiweke kivulini kabla ya kufungua. Legeza kifuniko polepole ukiwa umesimama kando. Penye vizibo viwili, anza na kidogo. Usiinamie mdomo wa chombo. Kikikuingia machoni, osha kwa maji mengi yanayotiririka kwa muda usiopungua dakika 15, kisha nenda hospitali. Usikihamishie katika chupa ya kinywaji.

Kibandiko hicho kisiwekwe ubavuni, ambako huchubuka siku ya kwanza chombo kinapoburutwa. Kiwekwe juu, kando ya kifuniko, mahali ambapo macho hufika kabla ya mkono.